Mchezaji wa Mkopo

Lugha ya usajili wa mpira wetu tumeiazima sokoni na benki, na tumeizoea kiasi kwamba hatuisikii tena. Mchezaji ana bei. Klabu inammiliki. Akikosa nafasi anatolewa kwa mkopo, akichokwa anatemwa, na siku hizi klabu ikimalizana naye inaweka picha yake Instagram ikiwa na maneno mawili ya Kiingereza, kisha mashabiki wanasema fulani kapewa "thank you." Nimewahi kumsikia mtu kijiweni akisema hivyo kuhusu jirani aliyeachishwa kazi ya ulinzi, na wote tukaelewa.

Swali langu si la lugha, ingawa linaanzia hapo. Ni lini inakuwa haki kumhamisha mtu ambaye hakuomba kuhama, ili hesabu za watu wengine zikae sawa?

Nililianza swali hili mbali, kwenye mchezo ambao sijawahi kuutazama uwanjani. Rafiki niliyesoma naye anaishi Edmonton, Kanada, ambako mpira wa magongo wa kwenye barafu unagawa familia kama Simba na Yanga zinavyotugawa sisi. Ligi yao, NHL, ina ukomo wa mishahara. Kila timu inapewa kiwango kimoja cha fedha za kulipa wachezaji, na ukiacha mianya michache kama ile ya majeruhi, hairuhusiwi kukizidi, hata kama mwenye timu ni bilionea. Ukomo huo ulianza msimu wa 2005/06, baada ya wenye timu kufunga milango na msimu mzima wa 2004/05 kufutwa. Ulianza na dola milioni 39 kwa timu. Msimu wa 2025/26 ulikuwa dola milioni 95.5.

Hesabu ya Edmonton inasisimua. Timu ina nyota wawili, Connor McDavid anayelipwa dola milioni 12.5 kwa msimu na Leon Draisaitl anayelipwa milioni 14. Watu wawili wamekula zaidi ya robo ya chungu, na kikosi kinaruhusiwa kuwa na wachezaji hadi 23. Waliobaki wanagawana kilichobaki. Kwa hiyo meneja kila siku anapiga hesabu: nimtoe nani, nimchukue nani, nani ana mshahara mkubwa kuliko magoli yake. Na mashabiki nao wanapiga hizo hesabu usiku kucha, wanapendekeza mabadilishano kana kwamba wanacheza bao. Rafiki yangu ni mmoja wao. Aliwahi kunitumia orodha ya wachezaji watatu aliotaka wabadilishwe na mmoja, na mbele ya kila jina kulikuwa na tarakimu tu. Nilimuuliza kama wana watoto. Akanijibu kwa kicheko.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kule mchezaji akibadilishwa haulizwi. Timu mbili zinakubaliana, simu inapigwa, na mtu aliyeamka akiwa wa Edmonton analala akiwa wa mji mwingine, mkataba wake ukimfuata kama mzigo. Wenye umri na jina wanaweza kudai kipengele cha kukataa kuhamishwa. Vijana hawakipati. Hata Wayne Gretzky, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alihamishwa kutoka Edmonton kwenda Los Angeles tarehe 9 Agosti 1988 katika mabadilishano yaliyohusisha dola milioni 15 taslimu, na alilia mbele ya waandishi wa habari. Mwaka huo ukomo wa mishahara haukuwepo. Kwa hiyo si ukomo ulioleta tabia ya kubadilishana watu. Ukomo uliwapa viongozi kitu cha kusema: si sisi, ni hesabu.

Nikiwa bado naiona hii kama habari ya ng'ambo, ikaja nyumbani.

Mtoto wa shangazi yangu anacheza katika klabu moja ya madaraja ya chini. Sitaitaja. Wakati wa dirisha dogo aliambiwa anakwenda kwa mkopo mkoa mwingine, mbali na mke wake na mtoto aliyekuwa hajaanza kutembea. Sababu aliyopewa ni kwamba bajeti imebana. Shangazi anaishi Ugweno, wilaya ya Mwanga, juu huku kwenye milima ya Pare ya Kaskazini. Ni mtu wa VICOBA wa miaka mingi na mikopo anaijua. Nilipompelekea habari aliacha kuchambua maharage.

"Wamemkopesha?" akauliza. "Mtu anakopeshwa, baba?"

Nikamweleza kwamba ni msemo tu wa mpira.

"Haya. Na riba anapata nani? Na asiporudishwa, anayedaiwa ni nani?"

Sikuwa na jibu, na nilivyofikiri zaidi niliona kwamba maswali yake ndiyo yenyewe. Katika mkopo wa VICOBA anayekopa anakaa kwenye kikao, anajulikana kwa jina, anasaini mbele ya wenzake, na fedha haijali imekwenda kwa nani. Katika mkopo wa mchezaji, kinachokopeshwa ndicho chenye macho.

Sheria ipo. Kanuni za FIFA zinataka makubaliano ya mkopo yawe ya maandishi na mchezaji awemo. Zinasema pia kwamba klabu isiyolipa mishahara ya miezi miwili, ikipewa notisi ya siku 15 na isilipe, imempa mchezaji sababu halali ya kuvunja mkataba. Binamu yangu alisaini, ni kweli. Karatasi aliletewa akiwa amekwisha kufungasha, tiketi ya basi imekwisha kukatwa, na chumba alichokuwa akikaa amekwisha kuahidiwa mwingine. Kwenye jalada itaonekana kwamba aliridhia.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Milima hii inakumbuka aina nyingine ya kubadilishana watu. Katika karne ya 19 misafara ilipita kwenye bonde la Pangani, chini yetu, na watu wa Upare walikamatwa na kuuzwa. Ugweno ilisifika kwa wafua chuma, na majembe yake yalibadilishwa na mifugo hadi Uchagani, lakini haikuwa majembe peke yake yaliyoteremka mlimani. Siwezi kumweka mtu anayelipwa mamilioni ya dola, wala binamu yangu aliyesaini mkataba kwa hiari yake, katika mstari mmoja na wale. Anayefanya hivyo anawadharau wale. Ninachosema ni kidogo zaidi: mtu anaweza kuwa huru, tena analipwa vizuri, na bado akafanyiwa jambo ambalo hatungependa kufanyiwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba Tanzania hatuna ukomo wa mishahara, kwa hiyo hayo ya Edmonton hayatuhusu. Hatuna, lakini tuna binamu yake. Kwa misimu kadhaa sasa klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Klabu kubwa zinaijaza hesabu hiyo, kisha zinamtamani wa 13. Ndipo unaona kila dirisha mtu wa Ghana, Kongo au Burkina Faso anatafutiwa mahali pa kwenda, si kwa sababu ameshuka kiwango, ila kwa sababu nafasi imejaa. Kijiweni tunaijadili kama kupanga mizigo kwenye buti la gari. Mimi pia nimeshiriki, na kwa furaha.

Kwamba ukomo unaweza kuwa jambo jema, sina shaka. Tazama ligi yetu. Azam walichukua ubingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 bingwa amekuwa Yanga au Simba tu: Yanga mara tatu, Simba mara nne, Yanga tena mara nne, zote mfululizo kwa zamu. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, fedha ambazo zimezisaidia klabu ndogo kupumua, lakini pengo la mishahara liko palepale. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Azam walichukua kombe alikuwa hajaona bingwa wa tatu hadi msimu huo wa 2024/25. Ukomo ungesaidia? Labda. Lakini ungehitaji kwanza mishahara ijulikane. NHL mkataba wa kila mchezaji unasomeka hadharani hadi senti. Kwetu mshahara wa mchezaji ni uvumi wa redio.

Mara moja pazia lilifunguka kidogo. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliamua kuondoka Yanga, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini kwamba mkataba wake unamruhusu kujinunua. Yanga walikataa. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita bila kucheza, Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba Yanga walimalize, na Juni 2023 akahamia Azam kwa makubaliano. Sitaki kumwamulia tena nani alikuwa na haki kisheria. Nakumbuka jinsi tulivyozungumza. "Mkataba ni mkataba," tulisema, kijana hana shukrani, kafundishwa na watu. Watu wale wale, dirisha lililofuata, klabu ilipomwacha mchezaji mwenye mwaka mzima kwenye mkataba, walisema mpira ni biashara. Mtu akitaka kuondoka anadaiwa uaminifu. Akitakiwa kuondoka anatakiwa awe mkubwa aelewe. Sijaona mtu akieleza kwa nini mizani ile inainama upande mmoja tu.

Nimejaribu kuutafuta mfano wa ukomo ambao haunikeri, na nimeupata kwenye maji. Upareni tuna ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe juu ya mashamba. Maji ya mfereji yanajikusanya usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Ndiva ni ukomo halisi: maji ni yale yale, ukimwongezea mmoja umempunguzia mwingine. Zipo zamu mbaya. Mtu wa mwisho anapata maji jua likiwa limeshika utosi. Analalamika, lakini analalamika kuhusu kikao alichokuwemo, na mfereji aliouzibua kwa mikono yake siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Anajua pia nani alipanga zamu, na anaweza kumfuata kwake jioni.

Nisiipake ndiva sukari. Zilikuwa za koo, na wasio wa ukoo walisubiri. Wanawake walilima mashamba ambayo zamu zake zilipangwa na wanaume. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema "si mimi, ni ndiva."

NHL wana utetezi unaofanana na huu. Ukomo wao umetokana na mapatano na chama cha wachezaji, na tangu mapatano ya 2013 wachezaji wanapata nusu ya mapato ya ligi. Kwa maana hiyo waliketi kwenye kikao. Walikubali kuhamishwa ili wapate nusu. Ni utetezi mzuri kuliko wowote tulio nao sisi, na ukomo wakati mwingine hata unamfungulia mtu mlango: Agosti 2024 St. Louis waliwapa ofa vijana wawili wa Edmonton, Philip Broberg na Dylan Holloway, wakijua kwamba Edmonton wamebanwa na hawataweza kuifikia. Vijana walisaini wenyewe, wakaondoka na mshahara mkubwa.

Lakini ridhaa ya chama si ridhaa yangu yote. Wenzangu wanaweza kukubali kwa niaba yangu kwamba kuna mtu atahamishwa. Hawawezi kukubali kwa niaba yangu kwamba nisiambiwe kwa nini ni mimi. Ukomo unasema mmoja aondoke. Hausemi ni nani. Hapo katikati kuna mtu aliyekaa na kalamu, akatazama majina, akachagua, na huyo ndiye ninayemdai. Simdai abadili uamuzi. Timu haziwezi kuendeshwa kwa huruma, na anayebaki kwa huruma anachukua nafasi ya mwingine ambaye naye ana mtoto. Namdai uso wake, sababu yake, na muda wa kutosha ili neno "sikubali" liwe na maana kabla tiketi haijakatwa.

Binamu yangu mkopo wake uliisha, na klabu ikataka kumwongezea mkataba. Alinipigia tuusome pamoja, mimi nikiwa na kalamu mkononi nikidhani tutabishana kuhusu mshahara. Aliuruka. Aliomba kiongezwe kipengele kimoja: kwamba akitakiwa kwenda popote aambiwe siku 14 kabla, ana kwa ana, na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Katibu aliusoma mara mbili, akasema katika miaka yake yote hajawahi kuombwa kitu hicho, na kwamba mshahara ungekuwa rahisi kuongeza. Wamesema watalipeleka kwenye kikao.