Nani Haliliwi?

Filamu inaweza kuwa nzuri na iwe mbaya kwa wakati mmoja? Sizungumzii muvi yenye picha safi na hadithi ya kubabaisha, hizo tumezizoea. Nauliza kuhusu ubaya wa kweli: kazi iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, ambayo ukiipenda unajikuta umesimama upande wa watu ambao usingetaka hata kupigwa picha nao.

Mfano wangu ni *Ardhi* ya Oleksandr Dovzhenko, iliyotoka mwaka 1930. Ni filamu isiyo na sauti kuhusu kijiji cha Ukraine kinachopata trekta. Mzee mmoja anakufa kwa utulivu chini ya miti ya matunda, kama mtu anayelala mchana. Trekta linakwama njiani kwa kukosa maji ya rejeta. Wanaume wanalikojolea, safari inaendelea. Kijana anayeitwa Vasyl analiendesha mpaka anavuka mpaka wa shamba la tajiri. Usiku, akirudi peke yake kwenye barabara ya vumbi, anaanza kucheza chini ya mwezi kwa furaha tu. Risasi inamwangusha katikati ya hatua.

Mwaka 1958 kura iliyopigwa Brussels iliiweka kati ya filamu 12 bora za wakati wote. Mwaka 2021, Kituo cha Dovzhenko cha Kyiv kilipotangaza orodha ya filamu 100 bora za Ukraine, ilikuwa ya pili. Wanaoipenda hawajadanganyika. Ni nzuri, bana.

Shida ni kazi iliyopewa. Serikali ya Stalin ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kuingia mashamba ya pamoja. Aliyekataa, au aliyekuwa na ng'ombe mmoja zaidi ya jirani, angeweza kuitwa kulaki, yaani adui wa umma, anyang'anywe mali na ahamishwe mbali na kwao. *Ardhi* ilieleza kwa nini hilo ni sawa. Miaka miwili baadaye nafaka ilichukuliwa vijijini hadi ya mwisho, na njaa ya 1932 na 1933, ambayo Waukreni wanaiita Holodomor, ikaua mamilioni ya watu. Walikufa kwenye udongo uleule wenye rutuba tunaoushangaa kwenye filamu.

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza: tenganisha sanaa na siasa, tazama mwanga na miti. La pili: ni propaganda, itupe. Yote mawili yananiacha na njaa. La kwanza linanitaka nisifikiri, la pili linanitaka nisione. Tena la pili linasahau kwamba hata magazeti ya Moscow yaliishambulia filamu hiyo, kwa sababu ilipenda maisha na kifo kuliko ilivyopenda chama.

Kwa hivyo nimejitafutia kipimo kingine. Nikitazama filamu yoyote najiuliza: humu ndani, nani haliliwi?

Rudi kwenye mazishi ya Vasyl. Kijiji kizima kinaimba, matawi yenye matunda yanampapasa marehemu usoni. Wakati huohuo muuaji wake, Khoma, anakimbia shambani kama mwendawazimu akipiga kelele kwamba ni yeye aliyeua. Hakuna anayegeuka. Khoma ni muuaji, hilo silipingi, anastahili kushtakiwa. Lakini hashtakiwi. Anafutwa tu. Na kwa kuwa hadithi imemfanya asimame badala ya kila mwenye shamba, kosa la mtu mmoja linakuwa ruhusa ya kuziba masikio kwa maelfu. Dovzhenko hakuijua njaa ambayo ilikuwa bado haijaja. Ila kuziba masikio kulianza mapema, na kulihitaji mazoezi. Filamu yake ilikuwa sehemu ya mazoezi hayo.

Kipimo hiki kinamtetea pia. Mwaka 1943, katikati ya vita, Dovzhenko huyohuyo aliandika mswada wa filamu, *Ukraine Inawaka Moto*, uliowalilia watu wa kawaida walioachwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Stalin aliulaani na ukapigwa marufuku. Aliposifu trekta alivumiliwa. Alipowalilia watu wasiofaa kuliliwa, mlango ulifungwa.

Tarehe 4 Septemba 1965, kwenye sinema ya Ukraina mjini Kyiv, ilionyeshwa *Vivuli vya Mababu Waliosahaulika* ya Serhii Paradzhanov, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi. Ni hadithi ya mapenzi ya milimani, katika lugha ya wenyeji, yenye huzuni na rangi tele. Kabla ya filamu, mhakiki Ivan Dziuba alishika maikrofoni akatangaza kwamba wasomi wa Ukraine wanakamatwa kimyakimya. Viacheslav Chornovil na mshairi Vasyl Stus wakamuunga mkono ukumbini. Stus alifukuzwa masomoni. Alifia kambi ya wafungwa tarehe 4 Septemba 1985, miaka 20 kamili baadaye. Watu walikuja kuwalilia wapenzi wa kubuni. Dziuba akawauliza kama wana machozi ya jirani zao.

Kwani kipimo hiki ni cha filamu za kale na za huzuni tu? Hapana. Chukua tamthilia ya kuchekesha, *Mtumishi wa Watu*, iliyoanza mwaka 2015. Mwalimu wa historia anarekodiwa kwa siri akiwatukana wanasiasa wezi, video inasambaa, anachaguliwa rais na kwenda kazini kwa baiskeli. Aliyemwigiza, Volodymyr Zelensky, alichaguliwa rais wa kweli mwaka 2019 kwa takriban asilimia 73 ya kura, akiwa na chama chenye jina la tamthilia. Wapo wanaosema watazamaji walilaghaiwa. Mimi naona kumfanya mtu atamani rais asiyeiba si dhambi.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo zaidi. Kuna mahali ambapo rais huyo, amechoshwa na wabunge, anawaza akiwamiminia risasi bungeni. Nilicheka. Nani hajawahi kukasirishwa na wabunge? Lakini kicheko changu kilihitaji wale wanaoanguka wasiwe na majina wala watoto nyumbani. Tofauti na Khoma ni kwamba hapa ndoto inakatika, na rais inabidi azungumze na watu walewale. Hiyo tofauti ni kubwa. Hata hivyo kicheko changu nilikisikia.

Mwaka 2024 Ukraine ilipata Oscar yake ya kwanza kwa *Siku 20 Mariupol*, filamu ya Mstyslav Chernov kuhusu mji uliozingirwa na majeshi ya Urusi mwaka 2022. Kamera inakaa na wazazi hospitalini na miili ikishushwa kwenye kaburi la pamoja. Jukwaani Chernov alisema anatamani asingeitengeneza kamwe. Angeibadilisha tuzo hiyo kwa Urusi kutoivamia nchi yake.

Sitaacha kuitazama *Ardhi*. Vasyl akianza kucheza barabarani bado nashikwa na furaha ileile. Ila mazishi yakianza, macho yangu siku hizi yanatoka kwa waimbaji, yanamfuata yule anayekimbia shambani akipiga kelele, nijaribu kusikia anasema nini.