Kuonja na Kunywa

Kuna swali ambalo Wakristo waangalifu huliuliza kwa haya, na wengine huliuliza kwa kicheko, wasitake kujibiwa: Je, ni halali mtu kukaa na rafiki zake na kufurahia kinywaji kikali kwa ajili ya utamu wake tu, hali hana kiu wala ugonjwa? Paulo Mtume alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini mtu anayeonja wiski ya Uskoti haumwi tumbo.

Wiski hiyo si kinywaji cha haraka. Sheria yataka ikae katika mapipa ya mti wa mwaloni miaka isiyopungua 3, na ukali wake usipungue sehemu 40 katika 100. Hesabu za mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zamtaja mtawa mmoja, John Cor, aliyepewa kimea ili atengeneze maji ya uzima; ndivyo walivyoita kinywaji hicho. Wajuzi wake humimina kidogo, hunusa, huongeza matone ya maji ili harufu ifunguke, kisha huuachia ulimi utafute moshi na asali. Huzungumza zaidi kuliko wanavyokunywa.

Lakini mtu wa Uvira hana haja ya kuvuka bahari ili ajifunze kuonja. Huko Kivu hutengenezwa kasiksi: ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa majani, na maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili yachachuke. Nayo desturi ya wazee, huku na ng'ambo ya Ruzizi kule Burundi, ni kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni. Wengine husema hiyo ni hofu ya sumu tu. Naam, ni hofu. Lakini ndani yake mna neno kubwa: anayekaribisha hujitia dhamana kwa ajili ya anayekunywa.

Basi tuseme watu watatu wameketi jioni huko Kalundu, mikeke iko juu ya makaa, na mmoja ameleta chupa kutoka safarini. Wa pili anaonja taratibu. Wa tatu ni mtu mwema, lakini wote wajua kwamba glasi ya kwanza humwita ya tano, na mkewe amekwisha kulia mbele ya majirani. Je, mwenye chupa ammiminie?

Watu watasema: yeye ni mtu mzima, ajilinde mwenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba divai si haramu kwa asili yake, ila yaweza kuwa haramu kwa yule inayemdhuru upesi, au ikiwakwaza wengine. Haramu hiyo haiishii kwa mnywaji. Aliyeonja kwanza ili kuthibitisha kwamba kinywaji hakina sumu, atawezaje kumpa rafiki kile ambacho kwa huyo rafiki ni sumu?

Tena katika arusi ya Kana, mkuu wa karamu aliitambua divai njema kwa sababu ulimi wake ulikuwa macho. Mlevi hupoteza kinywaji chenyewe kabla ya kupoteza fedha na heshima. Apewe kanyanga baada ya glasi ya nne, hatajua tofauti. Kuhusu bei, maneno ni machache: ikiwa karo ya mtoto imo ndani ya chupa, hakuna cha kuonja.

Mwenye chupa na aifunge mapema, aagize chai kwa wote watatu, wala asitoe sababu. Huenda yule wa tatu akafahamu na kukasirika. Na akasirike, mikeke bado haijaiva, na atahitaji mtu wa kula naye.