Samaki wa Kesho ni wa Nani?

Dominika moja, baada ya sala, mtu mmoja alinivuta kando. Siku hiyo nilikuwa nimefundisha Amri ya Saba, nikasema kwamba mtu avuaye watoto wa samaki kwa chandarua cha mbu ni mwizi, kwa kuwa anawaibia watakaokuja nyuma yetu. Mtu huyo alikuwa ametoka ziwa Tshangalele na furushi la samaki wadogo kama ncha ya kidole. Akaniambia kwa upole: “Mwalimu, wanangu walilia jana usiku. Hao wa kesho uliowataja hawajalia bado, maana hawajazaliwa. Nimemwibia nani?”

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu ya kumtuliza, nikaenda zangu. Nyumbani nikakuta bukari, na kando yake samaki wadogo wale wale, wamenunuliwa sokoni. Nikala. Tangu siku ile swali lake limekaa nami, na leo nataka tulichungue pamoja, ndugu wasomaji.

Kwanza tumtendee haki mtu yule. Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa kabisa, asiye na njia nyingine, akitwaa chakula cha mwingine ili asife, hatendi wizi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu aliumba mali ya dunia ili kulisha watu wote, na ziada ya tajiri ni haki ya maskini. Basi neno lile “mwizi” nililitamka kwa haraka mno.

Lakini tuangalie vema: Mtakatifu Thoma asema habari ya ziada. Katika ziwa, ziada ni ipi? Wavuvi wetu wanamjua tilapia yule ambaye wataalamu humwita macrochir. Jike lake huyachukua mayai kinywani, huyatunza humo mpaka yaanguliwe, na watoto wakiogopa hurudi kujificha kinywani mwa mama. Samaki aliyekomaa na kuzaa ni mavuno. Mama mwenye mayai kinywani, na watoto wasiokua bado, ni mbegu. Kila mkulima wa Katanga anaujua mwezi wa Januari, ghala linapokuwa tupu na mahindi bado mabichi shambani. Hata katika mwezi huo mbegu hailiwi, kwa kuwa anayekula mbegu hajaondoa njaa, ameihamishia mwaka ujao. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba mtu akikuta kiota njiani, aweza kutwaa makinda, lakini mama amwachilie aende zake. Mungu hakukataza kula. Alikataza kumtwaa mama pamoja na watoto.

Wengine watasema, ziwa ni kubwa, samaki hawaishi. Haya, tukumbuke habari ya mpumbu. Huyu ni samaki wa ziwa Mweru, ambaye wakati wa mvua hupanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Zamani aliwalisha wafanyakazi wengi wa migodi ya Katanga. Wafanya biashara walimpeleka kutoka Kasenga mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nyavu zikatandwa mtoni wakati ule ule wa kupanda, samaki wakavuliwa na mayai yao tumboni. Kabla ya mwaka 1950 makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha kuvunjika, wala hayakurudi kama zamani. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walimjua mpumbu kwa hadithi za wazee. Hao ndio walioibiwa, nao walikuwa bado hawajazaliwa. Ndiyo maana upande wa Zambia sheria hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa.

Sisi wa Likasi na Shinkolobwe tuna hatari yetu ya pekee. Tumekulia karibu na migodi. Madini ya Shinkolobwe yalichimbwa, yakapelekwa mbali, nguvu yake ikaonekana Hiroshima mwaka 1945, na machimbo yakafungwa mwaka 1960. Wachimbaji wadogo wakarudi huko, mpaka mwaka 2004 ardhi ilipowaangukia watu wakafa. Hivyo tumejifunza desturi moja: wahi, chimba, jaza gunia, kabla mwingine hajafika. Lakini jiwe halizai. Likitoka limetoka. Samaki huzaa, na anayelitendea ziwa kama mgodi anakiua kile kinachozaa.

Je, dawa ni kuacha kula? Hapana. Tazama mabwawa ya samaki. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na kituo cha mafundisho ya ufugaji huko Kipopo, karibu na Elisabethville, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yalihesabiwa mabwawa zaidi ya 100,000 katika Kongo nzima. Baada ya 1960 mengi yaliachwa. Watu wengi walikuwa wamechimba kwa amri, si kwa kuelewa. Tena tilapia wa bwawani huzaa upesi mno. Wasipopunguzwa hubanana, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Ziwani kosa ni kuvua mapema, bwawani kosa ni kuchelewa kuvua. Kwa hiyo kujinyima tu si utunzaji. Utunzaji ni kukijua kiumbe ulichokabidhiwa, na kukitumia kama maumbile yake yatakavyo.

Sasa hukumu. Mwenye njaa aliyechukua chandarua ana kosa dogo, pengine hana. Lakini yuko mfanya biashara anayenunua watoto wa samaki kwa magunia, naye hana njaa. Iko pia mikono iliyo mikubwa zaidi. Ziwa Tshangalele lilitengenezwa mwaka 1930, mto Lufira ulipozibwa Mwadingusha ili migodi ipate umeme. Maji machafu ya viwanda vya Likasi hushukia huko, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba shaba na kobalti zimeingia katika samaki wa bonde lile. Yafaa gani kumkaripia mwenye chandarua, na kunyamaza mbele ya mwenye bomba? Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wako wanaochuma janga wakala wa kwetu.

Nami nilikuwa katika orodha hiyo. Mimi sikuwa na njaa, nilikuwa na mshahara mdogo na bakuli lililojaa. Samaki wale walivuliwa kwa sababu watu kama mimi tunawanunua.

Basi nilikwenda kwa mtu yule nikamwomba radhi kwa neno “mwizi”. Kisha nikampa jibu langu: amemkopa mtoto wake mwenyewe, na deni hilo si lake peke yake, ni letu sote tuliokula. Alifikiri kidogo, akasema: “Mwalimu, deni la watu wengi hulipwa na nani?” Tulikubaliana kuanza na mambo matatu. Nyumbani kwangu hatununui tena watoto wa samaki. Yeye atatumia wavu wenye matundu mapana, na miezi ya kutaga ataliacha ziwa. Na jumuiya yetu itachimba bwawa moja, pamoja na kuilisha nyumba yake katika miezi hiyo. Bila sharti hili la mwisho, mashauri yangu yote juu ya kesho yangekuwa maneno ya mtu aliyeshiba.