Je, Kufundisha Aya ni Kufundisha Kufikiri?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Tanzania hukutana mapema na somo la stadi za mawasiliano, na ndani ya somo hilo hukutana na aya ya Kiingereza. Kanuni anazopewa ni chache. Aya moja ibebe wazo moja. Sentensi kuu ilitaje wazo hilo, na ikiwezekana ikae mwanzoni. Sentensi zinazofuata zilifafanue au zilitolee mfano na ushahidi, na viunganishi vimwonyeshe msomaji anakopelekwa. Yote haya huonekana kuwa mambo ya ufundi tu, kama pambizo na nukta. Lakini nyuma yake limejificha dai zito la kifalsafa, kwamba anayeandika hivyo anafikiri sawasawa, na asiyeandika hivyo fikra zake zimevurugika. Dai hilo hutoka hadharani pale msahihishaji anapoandika kwa kalamu nyekundu kuwa kazi haina mantiki, hali kilichokosekana ni sentensi moja tu mwanzoni mwa aya.

Kanuni zenyewe si za kale kama zinavyodhaniwa. Anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuzipanga kwa utaratibu ni Alexander Bain, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu cha utunzi alichokitoa mwaka 1866. Bain alikuwa mtoto wa mfuma nguo, na tangu 1860 alishika kiti cha mantiki na Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Yeye ndiye aliyeanzisha jarida la falsafa liitwalo Mind mwaka 1876. Aliamini kwamba akili hufanya kazi kwa kuunganisha mawazo, wazo moja likiliita jingine kwa kufanana nalo au kwa kuwa karibu nalo. Ukizisoma kanuni zake za aya, imani hiyo inaonekana: kila sentensi idhihirishe uhusiano wake na iliyotangulia, ya kwanza ionyeshe mada, na pasiwe na kuchepuka. Kwa hiyo aya ya vitabu vya leo ni kwa sehemu picha ya akili kama alivyoifikiria mtu mmoja wa karne ya 19. Inafaa pia kukumbuka kwamba wengi wa vijana wa Aberdeen walikulia katika Kiskoti, na Kiingereza sanifu kwao kilikuwa lugha ya darasani. Tangu mwanzo, basi, aya ilifundishwa kwa watu waliokuwa wakivuka kutoka usemi wa nyumbani kwenda usemi wa chuoni.

Waandishi wazuri wa Kiingereza wenyewe hawakuifuata kanuni hiyo kwa uaminifu mkubwa. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Richard Braddock, alichapisha uchunguzi wa makala 25 kutoka majarida yenye heshima nchini mwake, akitafuta sentensi kuu zilikaa wapi. Aligundua kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya aya zilizoanza na sentensi kuu. Katika nyingine sentensi hiyo ilikuwa katikati au mwishoni, au haikuwapo kabisa na msomaji aliachiwa aikisie. Mwanafunzi anayekatwa alama kwa kuiweka mwishoni anahukumiwa kwa sheria ambayo mabingwa wa lugha hiyo huivunja kila siku.

Mjadala uliwahi kuchukua njia ya hatari zaidi. Mwaka 1966 Robert Kaplan, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wa kigeni huko Marekani, alisoma insha zao zipatazo 600 na kudai kwamba kila jamii ina njia yake ya kupanga fikra. Aliichora kwa mistari: ya Kiingereza ilinyooka, nyingine zilizunguka, zilijirudia au zilipinda. Lugha za Kiafrika hakuzichora, lakini wapo walioharakisha kuzijazia nafasi hiyo, wakisema Mwafrika huzunguka kwa sababu utamaduni wake ni wa masimulizi. Kaplan mwenyewe baadaye alikiri kwamba dai lake alilikazia mno. Michoro, hata hivyo, hukaa kichwani kuliko masahihisho.

Kiswahili peke yake kinatosha kulijibu dai hilo. Utenzi wa kale huanza kwa kumsifu Mungu, na mara nyingi mshairi huagiza wino na karatasi kabla hajagusa kisa chenyewe. Khutba ya Ijumaa huanza kwa hamdu na kumsalia Mtume kabla ya kuingia katika mada. Katika shairi la mishororo minne kiini huweza kungojwa hadi kwenye kibwagizo. Mtu akiishia hapo atasema Mswahili huchelewesha jambo lake. Sasa achukue barua ya kiofisi ya Kiswahili. Juu kabisa ya maelezo pana neno Yah, na mbele yake jambo zima kwa herufi kubwa, kisha mwandishi anaingia mara moja kwa kumtaka mpokeaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Habari ya redioni nayo hutaja tukio kwanza. Watu ni wale wale na lugha ni ile ile, ila shughuli ndizo tofauti. Kinachoamua mahali pa hoja ni utanzu na hadhira. Akili ya kabila au ya taifa haihusiki. Mwalimu anayeanza somo la aya kwa barua yenye Yah amekwisha kulifundisha nusu yake, maana mwanafunzi anagundua kwamba kutanguliza mada si ugeni.

Pamoja na hayo, haitoshi kusema kwamba aya ni desturi tu na kwamba kila mtu aandike apendavyo. Mpangilio una uzito wake, na hoja ya zamani kuhusu jambo hili iko katika maandishi ya Plato. Katika mazungumzo ya Faidro, Sokrate anaikosoa hotuba ya mhotubi Lisia kwa sababu sehemu zake zingeweza kubadilishana nafasi bila kudhurika. Anaifananisha na maandishi ya kaburi la mfalme Mida, ambayo mtu anaweza kuanza kuyasoma kwenye mstari wowote. Hotuba njema, anasema, iwe kama kiumbe hai, yenye kichwa, kiwiliwili na miguu. Zoezi la darasani la kukata aya vipande, kuvichanganya na kuwataka wanafunzi wavipange upya ni kipimo hicho hicho cha Sokrate. Vipande vikipangika kwa namna yoyote, hapana aya hapo, kuna orodha.

Katika mazungumzo hayo hayo Sokrate analalamika kwamba maandishi ni bubu: ukiyauliza swali, yanarudia yale yale. Hapa ndipo penye sababu halisi ya aya. Anayezungumza barazani ana uso, mikono na sauti, na asipoeleweka ataulizwa. Anayeandika hayupo. Msomaji wake huenda ni mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake, asiyemjua mwandishi wala hawezi kumwita amfafanulie. Mpangilio wa aya ni deni analolipwa msomaji huyo kwa sababu ya kutokuwapo kwa mwandishi.

Mfano unaweza kulidhihirisha jambo hili. Mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza kuhusu usafiri wa Dar es Salaam. Anaanza na ukuaji wa jiji, anapita kwenye foleni na daladala zilizojaa, anagusa kuanza kwa mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, na mwishoni anasema kwamba msongamano wa jiji kubwa hautatuliwi kwa kupanua barabara bali kwa mabasi yenye njia zake. Mhadhiri anaihamisha sentensi hiyo ya mwisho kuwa ya kwanza. Fikra hazikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kazi ya msomaji, ambaye sasa anajua tangu mwanzo kwa nini anasimuliwa habari za foleni. Kuna kilichopotea pia: mpango wa kwanza ulimwongoza msomaji mwenye shaka hatua kwa hatua hadi akubali. Mhadhiri mwaminifu huyasema yote mawili.

Mfano huo unaonyesha jambo jingine. Sentensi kuu ilizaliwa mwishoni, baada ya kuandika. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, katika kitabu chake cha 1934 kuhusu fikra na lugha, alishikilia kwamba wazo hukamilika ndani ya neno. Halikai kando likiwa tayari likisubiri kuvishwa maneno. Ikiwa ni hivyo, kumwamuru mwanafunzi aandike kwanza sentensi kuu ni kumtaka aanze mahali ambapo wengi hufika mwisho. Njia yenye busara ni kumwacha aandike, aitafute sentensi iliyobeba mzigo, kisha aipandishe juu. Na kama wazo linakuja kwa Kiswahili, na lije. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule za serikali amesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili na kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Kumkataza kupanga hoja kwa lugha anayoimudu zaidi ni kumtwisha kazi mbili kwa wakati mmoja, halafu kumlaumu kwa zote mbili.

Upo pia wajibu wa kimaadili kwa anayesahihisha. Akiandika kuwa aya haina sentensi kuu, ametaja kosa linalorekebishika kwa dakika chache. Akiandika kuwa mwanafunzi hafikiri kimantiki, ametoa hukumu juu ya mtu, kwa ushahidi usiotosha, tena katika lugha ambayo mhukumiwa bado anajifunza. Hukumu ya pili haina nafasi kwenye karatasi ya zoezi la aya, na wahadhiri wanaoiandika wanapaswa kuiacha.