Ubao wa Maneno na Mwenye Kuupanga

Iko mashine ndogo ambayo kazi yake yote hufanywa kwa swichi moja tu. Mbele ya mtu huwekwa ubao, au kioo cha simu, wenye maneno au picha zilizopangwa safu kwa safu. Mwanga hupita juu ya safu hizo, moja baada ya moja, bila kuguswa na mtu. Ukifika kwenye safu anayoitaka, mwenye ubao hubonyeza swichi. Ndipo mwanga huanza kupita juu ya neno moja moja ndani ya safu ile, naye hubonyeza mara ya pili lifikapo neno lake, na mashine hulitamka. Swichi yaweza kuwekwa penye kiungo chochote kinachotii: kidole, goti, kisigino, upande wa kichwa, hata shavu. Asiyeweza kutamka wala kushika kalamu, akibakiwa na kiungo kimoja tu kinachomtii, aweza kusema.

Tunaandika habari hii katika ukurasa huu, wala hatukuwaachia mafundi, kwa sababu mashine hiyo haisemi neno mpaka mtu mwingine ameitengeneza kwanza. Yeye huchagua maneno. Yeye hupanga mwendo wa mwanga. Yeye huamua swichi ikae wapi. Mtu huyo ana mamlaka gani juu ya kinywa cha mwenzake, na mamlaka hayo yanakoma wapi? Hilo ndilo swali letu.

Tuchukue mfano wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mahali ambapo misheni ilifunguliwa mwaka 1891, na ambapo tangu mwaka 2012 pamo katika Mkoa wa Geita baada ya kuwa miaka mingi chini ya Shinyanga. Huko, kama kwingineko nchini, wapo watoto wenye mtindio wa ubongo. Huyu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Yule alipata manjano kali siku zake za kwanza. Mwingine malaria ilimpanda kichwani, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Ubongo uliumia mahali panapoamuru misuli, basi mikono hukakamaa, shingo haitulii, ulimi hausikii amri. Akili ni habari nyingine. Wako ambao akili nayo iliumia, na wako wengi ambao wanaelewa kila kisemwacho uani, pamoja na yale yanayosemwa juu yao kana kwamba hawapo. Tena katika nchi hii ya dhahabu wako watu wazima walioangukiwa na kifusi mashimoni wakavunjika shingo. Hao husema kwa vinywa vyao wenyewe, lakini kumpigia ndugu simu bila mkono wa mtu mwingine hawawezi, na swichi ile ile yaweza kuwafaa.

Jambo lenyewe si geni. Mnamo mwaka 1960 Mwingereza mmoja, Bwana Reg Maling, alianza kuwatengenezea wagonjwa waliopooza wa hospitali ya Stoke Mandeville mashine iliyoendeshwa kwa kupuliza na kuvuta pumzi katika mrija. Kwa pumzi hiyo mgonjwa aliweza kuwasha taa, kuita muuguzi, hata kupiga taipu. Jina refu la mashine lilifupishwa, nayo ikajulikana kwa jina la POSSUM. Kila aliyepita seminari ndogo atalitambua neno hilo: kwa Kilatini maana yake ni ‘naweza’.

Tuje kwenye mwendo wa mwanga, kwa kuwa hapo ndipo dhuluma huingia bila mtu kukusudia. Wataalamu wa Marekani waliopima kazi hii wametoa kanuni nyepesi: chukua muda ambao mtu anauhitaji ili abonyeze baada ya kuona mwanga, ugawe kwa 0.65, nawe utapata muda unaofaa mwanga kukaa mahali pamoja. Anayehitaji sekunde 1.3 atangojewa sekunde 2. Kwenye ubao wa maneno 25, wenye safu 5 za maneno matano matano, neno la mwisho kabisa litafikiwa kwa hatua 10, yaani sekunde 20. Mwanga ungepita neno moja moja tangu mwanzo, zingekuwa hatua 25, na sekunde 50. Kadhalika mashine huweza kuagizwa isihesabu mguso wa mtetemo, ila ule uliodumu kidogo, na isihesabu mguso wa pili unaofuata papo hapo.

Sasa mwenye kuitengeneza ni mzima wa viungo. Kwake sekunde 2 ni ndefu mno, zinachosha. Basi huupunguza muda, kwa nia njema, ili mambo yaende. Mtoto hubonyeza akakuta mwanga umekwisha pita. Hukosa mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mgeni aliyekuja kumpima hutikisa kichwa na kuandika kwamba hana ufahamu. Kumbe kilichopimwa ni haraka ya yule aliyeweka mwendo! Au swichi iliwekwa mkononi, kwa sababu sisi hutumia mikono, na hali mkono ndio unaokakamaa kupita vyote, na goti lingalitosha. Hukumu ya namna hii huweza kumfunga mtoto maisha yake yote, maana ikisha andikwa hakuna anayerudi kupima tena. Kwa hiyo twasema mwendo na mahali pa swichi vijaribiwe siku nyingi, asubuhi na jioni, kwa kuwa mwili uliochoka si mwili wa asubuhi.

Lakini zito kuliko mwendo ni maneno yenyewe. Anayeandaa ubao, mara nyingi mama au mwalimu, huanza na chakula, maji, choo, dawa, naumwa. Ni maneno mema, na yana haraka yake. Ila tuyatazame tena. Yote hayo ni maneno yanayomsaidia mlezi kufanya kazi yake. Ubao ukiishia hapo, umemfanya mtoto kuwa tumbo la kulishwa na mwili wa kuoshwa.

Katika nchi ya Wasukuma na Wasumbwa mtoto huanza kuhesabiwa miongoni mwa watu kwa kuamkia. Basi ‘mwangaluka’ iwe katika safu ya kwanza, mbele ya maji. Mzee apitaye njiani akiamkiwa na mtoto ambaye miaka yote alimpita kama mtu apitaye kigogo, hatapita tena namna ile. Kisha yawepo maneno ya kukataa. ‘Sitaki.’ ‘Sitaki michembe leo.’ ‘Siyo hivyo.’ ‘Ngoja, sijamaliza.’ ‘Kwa nini?’ Mama aliyehangaika miaka 10 kumlisha mwanawe kwa kijiko ataona uchungu siku atakapoambiwa ‘sitaki’. Hata hivyo neno hilo ni haki ya mtoto, kama lilivyo haki ya ndugu zake wanaolisema mara mia kwa siku pasipo kuandikiwa ubao.

Na yawepo maneno tunayoyaogopa: ‘unaniumiza’, ‘amenipiga’, ‘amenishika’, pamoja na majina ya viungo vyote vya mwili na majina ya watu wote wa nyumbani, likiwemo la yule aliyeuandaa ubao. Asiyeweza kusema ni windo rahisi la mtu mwovu, kwa sababu mwovu anajua hatatajwa. Ubao usio na maneno hayo unamlinda mwovu huyo, hata kama mwenye kuuandaa hakuwazia hivyo. Hatuoni udhuru wowote wa kuyaacha.

Wako watakaouliza, je, na matusi nayo yawekwe? Mwenye ulimi hujifunza adabu kwa kukemewa baada ya kusema. Hatuoni kwa nini asiye na ulimi afundishwe adabu kwa kunyimwa maneno.

Iko tena shida ya lugha. Mashine nyingi zimepangwa na watu wa Kiingereza, wakiitanguliza herufi ya E kwa sababu Kiingereza huitumia kupita zote. Kiswahili hutanguliza A kwa mbali sana, na Q na X hakina kazi nazo. Atumiaye mpango wa kigeni atangoja mwanga uzipite herufi asizozihitaji, siku baada ya siku. Nasi tunao mpango wetu tuliofundishiwa kusoma: ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku. Ule ubao wa silabi tayari una safu na mistari! Mtoto huchagua safu ya M, kisha A, anapata ‘ma’. Safu ya J, kisha I, anapata ‘ji’. Amekwisha omba maji kwa mibonyezo minne, na kwa herufi moja moja ingekuwa minane. Ni kweli kwamba safu zake ni nyingi, hasa tukitia cha, sha, nya, mba na nda, basi hapana budi zile zitumikazo zaidi zipandishwe juu. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mwalimu yeyote wa darasa la kwanza, naye ataifanya vizuri kuliko mtaalamu wa ng'ambo.

Kwa maneno ya Kisukuma au Kisumbwa, lugha anayoisikia jikoni, njia iliyo karibu ni kurekodi sauti ya mtu. Ya nani? Huwezi kumpa msichana wa miaka 12 sauti ya mjomba wake. Atafutwe binamu wa rika lake, na mwenye ubao asikilize mwenyewe kwanza, akubali au akatae. Bwana Stephen Hawking, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefariki mwaka 2018, ambaye miaka yake ya mwisho alibonyeza kwa msuli wa shavu, alishikilia ile sauti yake ya zamani ya mashine ingawa zilikuwepo mpya zilizo bora. Ilikuwa imekwisha kuwa sauti yake.

Tunafika kwenye kishawishi kikubwa kupita vyote, yaani kumsemea. Mwaka 1995 Mfaransa Bwana Jean-Dominique Bauby alipata kiharusi, akabakiwa na ukope wa jicho la kushoto. Hakuwa na mashine. Msaidizi alimsomea herufi moja moja, zilizopangwa kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, naye akapepesa jicho. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1997. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alitaka miwani, na kabla hajamaliza neno akaulizwa ataufanyia nini mwezi, kwa kuwa katika Kifaransa neno la miwani huanza kwa herufi zile zile za mwezi. Twacheka, lakini msikilizaji yule alifanya tunalolifanya wote: alimalizia.

Kumalizia kwa upendo kumezaa mabaya makubwa. Ilienea katika Australia, na baadaye Marekani, njia ambayo msaidizi humshika asiyesema mkono au kiwiko na kumsaidia kugusa herufi. Yalitoka maneno mazuri ajabu, na wazazi walilia kwa furaha. Katika miaka ya 1990 watu walipima kwa kumwonyesha mtoto picha moja na msaidizi picha nyingine. Likaandikwa jina la picha aliyoiona msaidizi. Wengi wa wasaidizi hawakuwa waongo. Hawakujua kwamba wanayasema ya kwao. Hii ndiyo fadhila ya swichi moja: ikiwa imewekwa penye kiungo cha mwenyewe, na mkono wa mwingine uko mbali, neno lililotoka ni lake, hata likiwa neno moja tu kwa dakika, hata likiwa halitupendezi.

Tunasikia mama wa Bukombe akitujibu. Ana shamba, ana maji ya kuchota, ana watoto wengine wanne, mume yuko machimboni. Nani atakaa sekunde 20 kwa kila neno? Jibu lake ni la haki, nasi hatutamwongezea mzigo kwa maneno matamu. Ndiyo sababu kazi hii isiwe ya mama peke yake. Simu nyingi za Android huweza kutumia chombo kiitwacho Switch Access, bila malipo. Fundi wa redio aweza kuifungua kibodi kuukuu ya kompyuta, akaunga nyaya mbili kwenye ufunguo mmoja, akatengeneza swichi kwa vipande viwili vya bati vilivyotengwa kwa sponji ya godoro. Tena pasipo simu wala umeme, mtu aweza kusoma maneno ubaoni kwa sauti huku mtoto akiinua macho lifikapo lake. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, walezi walifundishwa majumbani mwao njia za mawasiliano zisizohitaji mitambo, na katika habari iliyochapishwa mwaka 2014 walieleza baadhi ya mabadiliko mema. Kusoma ubao ni kazi awezayo dada, babu, hata jirani aliyekuja kuazima jembe. Nchi yetu nayo imekwisha jifunga: iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Mzazi anayeiomba shule ubao wa namna hii hajaomba sadaka.

Basi mamlaka ya mwenye kuandaa yanakoma wapi? Twaona kwamba anaanza kwa kukisia, kwa kuwa hana namna nyingine, na kwamba makisio hayo lazima yaweze kukanushwa na mwenye ubao mwenyewe. Kwa hiyo mwendo nao uwekwe ubaoni: ‘polepole’, ‘haraka’. Liwekwe ‘ondoa neno hili’. Na katika pembe moja isiyohama liwekwe neno ‘halimo’, yaani, ninalotaka kusema halimo humu. Likibonyezwa hilo, aliyeuandaa ubao achukue kalamu na kuanza kuuliza upya, hata ikiwa ni saa ya kulala.