Kura: Urithi au Ushahidi?

Namna mtu anavyochagua chama cha kukipigia kura huachiwa wataalamu wa siasa, ilhali kwa asili ni swali la dhamiri, yaani ile sauti ya ndani inayomhukumu mtu hata pale asipoonekana na yeyote. Visiwani Zanzibar swali hili ni zito. Kipindi cha kuanzia uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, ambacho wenyeji hukiita zama za siasa, kilizigawa familia baina ya vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi hadi watu wakasusiana madukani na hata mazikoni, na mtoto akakikuta chama nyumbani kwao kama alivyolikuta jina la ukoo.

Urithi huo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa umebeba kumbukumbu za dhuluma na za damu, na si haki kumtaka mtu ayasahau yaliyowapata wazazi wake. Hata hivyo, wapo wanazuoni wa Kiislamu, akiwemo marehemu Yusuf al-Qaradawi, wanaoihesabu kura kuwa ni shahada, maana yake ushahidi kwamba fulani anafaa kukabidhiwa amana ya watu. Na Surat An-Nisaa, katika aya ya 135, inawaagiza waumini wasimamie uadilifu wanaposhuhudia, hata kama ushahidi wao utawaelemea wao wenyewe, wazazi au jamaa zao. Shahidi haulizwi anampenda nani, bali ameona nini: kisima kilichimbwa, au kiliahidiwa tu?

Kwa mtazamo huu kituturi, yaani kile kibanda cha kupigia kura, si kinga dhidi ya vitisho pekee, kwani humtenga mpiga kura na baba, mume, shehe na mwenyekiti wa tawi, akabaki yeye, kalamu na karatasi, mfano wa shahidi aliyesimama mbele ya hakimu asiyeonekana.

Wapo wanaojitetea kwamba kura moja haina uzito. Lakini Januari 1961 jimbo la Chake Chake, Pemba, lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja, chama hicho kikafikisha viti 10 dhidi ya 9 vya Hizbu na 3 vya chama cha tatu, ZPPP, serikali isiundike, na uchaguzi uliporudiwa Juni zikazuka ghasia zilizoua watu 68. Kila aliyekipigia Afro-Shirazi kura Chake Chake siku ile ndiye aliyekuwa na kura hiyo moja.