Mama, Sasa Wewe ni Nesi

Mara ya kwanza dada yangu aliponiomba nijifunze kumtoa mtoto wake mkojo kwa mpira, nilisema nina safari. Sikuwa na safari. Nilikuwa nimekuja Karatina wikendi nzima na begi langu lilikuwa pale sebuleni, likinitazama.

Mpwa wangu ana miaka sita. Alizaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, spaina bifida. Mishipa inayoamrisha kibofu haifanyi kazi vizuri, kwa hivyo mkojo hautoki wote, na ukikaa ndani unaweza kurudi juu uharibu figo. Kinachomlinda ni mpira mwembamba, maji, sabuni, na mtu wa kufanya hiyo kazi kila baada ya saa tatu au nne. Kila siku, hata Krismasi.

Muuguzi aliyemfundisha dada alikuwa mtu mzuri. Alimwonyesha mara tatu, kisha akamwacha ajaribu mwenyewe na kungoja hadi mikono ikaacha kutetemeka. Halafu akasema, "Mama, sasa wewe ni nesi." Dada alinisimulia akicheka kwa fahari, na mimi pia niliyapenda hayo maneno. Siku hizi yananikwaruza.

Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha kwamba si lazima vifaa viwe safi kama vya thieta. Usafi wa kawaida unatosha. Ni jambo kubwa sana. Mtoto anaweza kulala kwao na kwenda shule. Lakini kazi yenyewe haikuisha, ilihama tu. Ilitoka kwa mtu mwenye zamu, mshahara na chama cha kumtetea, ikaja kwa dada yangu. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na nchi nzima ikajua. Dada akigoma asubuhi moja, atakayejua ni mtoto.

Alikuwa na kibanda cha mitumba sokoni. Alikiacha, kwa sababu huwezi kumwambia mteja angoje saa nne, saa saba na saa kumi.

Cucu husema, "Ni mtoto wake, nani mwingine afanye?" Na Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono: muuguzi huuguza, na mama naye huuguza, neno ni lile lile. Dada mwenyewe hataki mgeni amshike mtoto wake hapo, na hilo siwezi kulipuuza. Upendo unaeleza kwa nini anafanya. Haunielezi kwa nini anafanya peke yake.

Wizara ikibadilisha NHIF kuwa SHA, kama ilivyokuwa Oktoba 2024, sote tunabishana nani atalipa bili. Saa za dada hazijawahi kuwa kwenye bili yoyote. Nadhani yule muuguzi angeongeza swali moja tu siku ile: nyumbani kuna nani mwingine, aje naye nimfundishe? Huo pia ni uuguzi, na hauhitaji mashine.

Najua ni rahisi kumlaumu muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni. Huyo "nani mwingine" nilikuwa mimi. Siku ya Akina Mama niliweka picha ya dada kwenye status, nikaandika "shujaa wangu", watu wakatuma mioyo. Wakati huo nilikuwa bado nasema nina safari. Ukweli ni kwamba niliona kinyaa, halafu nikaona aibu ya kuona kinyaa, na ile aibu ndiyo iliyonirudisha Nairobi mapema.

Aprili nilirudi nikafundishwa na dada jikoni, kwanza kwa maneno, akichambua sukuma. Ilipofika saa saba akaniachia, akatoka kwenda kuanika nguo, makusudi. Mtoto alikuwa amelala chali, ametulia kabisa, amezoea kuliko mimi. Akanitazama mikono.

"Tata, umenawa?"

Nilikuwa nimenawa. Nikarudi kunawa tena.